UZI MAALUM: Usingizi uliokatwa na mawazo, na namna ya kuurudisha bila kukimbilia vidonge

Mlinzi wa Zamu (mleta uzi)

Wadau, kila wiki kuna mtu anauliza dawa ya kukosa usingizi, na majibu ni yale yale: kunywa maziwa ya moto, meza piriton, acha mawazo. Hilo la mwisho linachekesha, maana mtu angekuwa na uwezo wa kuacha mawazo asingekuja kuuliza. Naweka uzi huu tujadili kwa vipimo na saa kamili. Wenye ujuzi wa tiba, famasia na ushauri nasaha karibuni, pale nilipoteleza nisahihisheni.

Kwanza tuelewane kinachotokea. Usingizi unaendeshwa na mambo mawili. Moja ni uchovu wa ubongo wenyewe: tangu unapoamka, kemikali iitwayo adenosini inajikusanya, na kadiri inavyozidi ndivyo kope zinavyokuwa nzito. La pili ni saa ya mwili, ambayo hupangwa hasa na mwanga wa asubuhi. Juu ya hayo mawili kuna king'ora. Mwili ukihisi hatari, moyo unaongeza kasi, misuli inakaza, homoni za adrenalini na kortisoli zinapanda. King'ora hiki hakitofautishi simba na meseji ya kudaiwa mkopo wa simu. Ndiyo maana mtu anachoka hoi mchana kutwa, akigusa mto macho yanakuwa makavu. Uchovu upo, ila king'ora kinalia juu yake.

Mwaka 1987 mwanasaikolojia wa Marekani, Arthur Spielman, aliligawa tatizo hili katika mafungu matatu, na mpaka leo sijaona mgawanyo unaosaidia zaidi ya huo. Kuna asili ya mtu (wengine wamezaliwa wepesi wa kushtuka). Kuna kilichoanzisha: msiba, kesi, kuachishwa kazi, ada, ndoa kuyumba. Halafu kuna vinavyoendeleza, na humu ndimo watu wengi wamekwama. Baada ya usiku mbaya kadhaa mtu anaanza kujitibu: anapanda kitandani saa 2 usiku "ili awahi", Jumapili analala mpaka saa 5 asubuhi, mchana anajisukuma kwa kahawa, usiku anaangalia saa kila baada ya dakika kumi. Miezi mitatu baadaye ada imeshalipwa, kesi imekwisha, lakini usingizi haujarudi, kwa sababu sasa kinachouzuia ni hizo mbinu za kuutafuta.

Kipimo cha kitabibu: ukikosa usingizi angalau usiku 3 kwa wiki kwa muda wa miezi 3, na mchana wako ukaathirika, hapo tatizo ni sugu. Chini ya hapo mara nyingi linatulia lenyewe, mradi usianze hizo mbinu.

---

Nesi Kata

Uzi mzuri mkuu. Kabla watu hawajaanza kujitibu, tuondoe kwanza yasiyo ya mawazo. Anayekoroma kwa nguvu, anayekatika pumzi usingizini au kuamka na kichwa kizito kila siku, huyo anahitaji uchunguzi wa njia ya hewa. Anayeamka mara 3 au 4 kukojoa apime sukari. Mwenye miguu inayowashwawashwa kwa ndani kila akilala, mpaka ainuke aitembeze, aangaliwe madini ya chuma. Kiungulia na tezi ya shingo nazo zimo.

Angalieni pia saa za dawa. Prednisolone ikimezwa jioni inakesha na mtu, daktari akikubali imezwe asubuhi. Furosemide ya jioni itakupeleka chooni usiku kucha. Vidonge vya salbutamol vinatetemesha mikono na kufukuza usingizi. Na kwa wanaotumia ARV: dolutegravir inawakosesha usingizi baadhi ya watu, na kuhamishia dozi asubuhi mara nyingi kunatosha. Usiache dawa, badilisha saa tu, tena baada ya kuongea na kliniki yako.

---

KichwaMoto

Nimekaa hapa na daftari. Hatua zenyewe ni zipi?

---

Mlinzi wa Zamu

Nianze na kitanda, mengine wadau watajazia. Kanuni hizi zilipangwa na mwanasaikolojia Richard Bootzin mwaka 1972 na hazijapitwa na wakati. Kisa chake ni kwamba ukigaagaa kitandani usiku mwingi, ubongo unajifunza kuwa kitanda ni mahali pa kuwaza. Mtu anasinzia kwenye kochi mbele ya taarifa ya habari, akihamia kitandani anaamka kabisa. Lazima umfundishe upya huyo ubongo.

1. Panda kitandani pale tu unaposinzia: kope zinashuka, unarudia mstari uleule unaosoma. Kuchoka peke yake hakutoshi.
2. Kitanda ni cha kulala na tendo la ndoa. Simu, kula, hesabu za biashara na kugombana vifanyike kwingine.
3. Usipolala ndani ya dakika 15 hadi 20 kwa kukisia (usitazame saa), inuka. Kaa mahali pengine penye mwanga hafifu, fanya jambo la kuchosha: kunja nguo, chambua mchele, soma kitu ulichokwisha kukisoma. Ukisinzia tena, ndipo urudi.
4. Rudia hata mara sita usiku mmoja.
5. Amka saa ileile kila siku, Jumapili na sikukuu zimo.
6. Usilale mchana mpaka usiku utengemae.

Najua swali linalokuja: mwenye chumba kimoja ainuke aende wapi, wakati kitanda ndicho kochi na ndicho meza? Weka kigoda au mkeka kwenye kona, pawe pa hiyo kazi tu. Mchana tandika kitanda, weka kanga au shuka nzito juu yake, ukilazimika kukikalia ukae ubavuni, miguu chini, mto umeuondoa. Usiku toa hiyo shuka ya juu, weka mto. Tofauti ni ndogo lakini ubongo unaisoma. Kama unalala na mwenzako au watoto, taa ndogo ya kuchaji iliyofunikwa kitambaa inatosha, huna haja ya kuamsha nyumba.

Kosa kubwa kwenye namba 3: mtu anainuka, anashika simu. Hapo umeondoka kitandani umeingia sokoni.

---

Fundi Ratiba

Mleta uzi amegusa nusu. Nusu yenye nguvu zaidi ni kubana muda wa kitandani. Wengi wanaikimbia kwa sababu inaumiza wiki mbili za mwanzo.

Chukua daftari. Kwa siku 7 hadi 14, kila asubuhi (siyo usiku) andika: saa ya kupanda kitandani, dakika ulizokisia kabla ya kulala, jumla ya dakika ulizokaa macho katikati, saa ya kuamka mara ya mwisho, saa ya kutoka kitandani. Kukisia kunatosha.

Sasa hesabu. Tuseme mtu anapanda saa 3 usiku na kutoka saa 12 asubuhi. Hizo ni saa 9 kitandani. Daftari linaonyesha kwa wastani analala saa 5 na nusu. Gawa 5.5 kwa 9, zidisha kwa 100, unapata asilimia 61. Huo ndio ufanisi wa usingizi wake. Mtu anayelala vizuri huwa na 85 au zaidi.

Dawa: mpe kitanda kwa saa 5 na nusu tu. Chagua kwanza saa ya kuamka, ile unayoweza kuishika siku zote, tuseme saa 11:30 alfajiri. Hesabu kurudi nyuma: haruhusiwi kugusa kitanda kabla ya saa 6 kamili usiku. Hata akisinzia saa 4, asimame, aoshe vyombo, atembee uani.

Baada ya siku 7 piga tena hesabu. Ufanisi ukifika 85 (kwa dirisha, yaani muda wa kitandani, la saa 5 na nusu ni kama saa 4 na dakika 40 za usingizi), ongeza dakika 15: apande saa 5:45 usiku. Ukiwa kati ya 80 na 84, usiguse kitu. Chini ya 80, punguza dakika 15. Lakini usishuke chini ya saa 5 hata kama daftari linasema mtu analala saa 3 na nusu. Endelea hivyo kila wiki mpaka uongeze dakika 15 na usione usingizi ukiongezeka, au mchana uwe mzima. Hapo ndipo kipimo chako. Wapo wanaotosheka na saa 6 na nusu, wengine saa 8.

Inavyofanya kazi: unalimbikiza adenosini mpaka inazidi kelele za king'ora. Vilevile usingizi wa mang'amung'amu uliotawanyika saa 9 unasukumwa uwe mmoja mzito.

Panapoharibika ni mwisho wa wiki. Mtu anashika ratiba siku tano, Jumamosi anajizawadia saa mbili za ziada asubuhi. Jumapili usiku halali, Jumatatu anatangaza kuwa njia haifai.

---

Bodaboda_wa_Ubungo

Yaani mtu halali, halafu mnamwambia alale kidogo zaidi? Na kesho yake yuko barabarani na abiria?

---

Nesi Kata

Umeuliza la maana kaka. Kubana kusifanywe na kila mtu. Dereva wa lori, basi au bodaboda, anayepanda kwenye majengo, anayefanya kazi kwenye mashine za kukata: asibane chini ya saa 6 na nusu hivi, na ikiwezekana aanze akiwa likizo. Mwenye kifafa asifanye, maana kukosa usingizi kunaleta degedege. Mwenye ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka, ule wa kuchangamka kupita kiasi kisha kuzama, asifanye kabisa bila daktari, kwa sababu kupunguza usingizi kunaweza kumpandisha. Anayetembea usingizini pia, na mjamzito. Hao wafuate kanuni za kitanda na kazi ya mawazo tu, zinatosha kuanzia.

Kwa waliobaki, usinziaji wa mchana katika wiki ya kwanza na ya pili ni sehemu ya tiba, lakini mtu apange: asiendeshe safari ndefu wiki hizo.

---

Mshauri Nasaha

Nilikuwa nasubiri tufike kwenye mawazo yenyewe. Hizi hatua zote kwa pamoja ndizo tiba ya fikra na tabia kwa ajili ya usingizi, CBT-I kwa kifupi. Mwaka 2016 chama cha madaktari cha Marekani, American College of Physicians, kilitoa mwongozo kuwa mtu mzima mwenye tatizo sugu aanzishiwe hii kabla ya dawa yoyote.

Jambo la kwanza: usiyafukuze mawazo. Mwaka 1987 mwanasaikolojia Daniel Wegner aliwaambia watu wasimfikirie dubu mweupe, na wagonge kengele kila anapowajia. Kengele zililia. Baadaye waliporuhusiwa kumfikiria, alikuja kwa wingi kuliko kwa wale ambao hawakuwahi kukatazwa. Mtu anayejiambia "nisiwaze deni, nisiwaze deni" amelipangisha deni chumba.

Badala ya kufukuza, yape mawazo muda wake mapema. Saa 12 hadi saa 1 jioni, dakika 15 hadi 20, mezani au hata kwenye ngazi, ila si kitandani. Karatasi yenye safu mbili. Kushoto andika jambo, kulia andika hatua ya kwanza inayofanyika. Nasisitiza hatua ya kwanza, siyo suluhisho. Watu wanakwama hapa kwa sababu wanataka kumaliza tatizo zima.

Mfano mbaya: "Ada – nitafute hela." Hiyo ni wasiwasi uliovaa suti. Mfano mzuri: "Ada ya muhula – Jumatatu saa 3 asubuhi nimpigie mhasibu wa shule, niombe kulipa kwa awamu tatu." Au: "Deni la mkopo – kesho mchana niandike nadaiwa kiasi gani na nani, kuanzia lenye riba kubwa." Jambo lisilo na hatua (mama mgonjwa na matibabu yanaendelea) liandikie "halina hatua leo" na tarehe ya kulitazama tena. Kisha kunja karatasi, iweke chumba kingine au ndani ya begi.

Likikujia saa 8 usiku, huna haja ya kubishana nalo: limeandikwa, lina siku yake. Likiwa jipya kabisa, andika neno moja kwenye kijikaratasi gizani, basi.

Kuna utafiti wa maabara uliofanywa Chuo Kikuu cha Baylor huko Texas na kuchapishwa 2018. Watu 57 waliandika kwa dakika 5 kabla ya kulala: nusu waliandika kazi za siku zinazofuata, nusu kazi walizomaliza. Walioandika kazi zijazo walilala mapema kwa takriban dakika 9, na walioorodhesha kwa undani zaidi waliwahi zaidi. Dakika 9 si nyingi, lakini hata karatasi ni bei rahisi.

Jambo la pili ni mawazo kuhusu usingizi wenyewe. "Nisipolala sasa hivi kesho nimekwisha." "Nitapata presha." Sentensi hizo ndizo zinazopandisha king'ora kuliko hata deni. Mchana, ukiwa na akili timamu, ziandike na uziulize: mara ya mwisho nililala vibaya, nini hasa kilitokea kesho yake? Mara nyingi jibu ni kwamba ulichoka, ukakasirika haraka, ukafanya kazi, ukarudi nyumbani. Kisha andika sentensi ya kweli ya kuweka mahali pake: "Kesho nitakuwa mzito mpaka saa 6 mchana, na kesho usiku usingizi utakuwa na nguvu zaidi." Isiwe sentensi ya kujifariji ya uongo kama "kila kitu kitakuwa shwari", ubongo hauinunui saa 9 usiku.

---

KichwaMoto

Dada hapo umenishika. Na yule ambaye hana tatizo maalum, kichwa tu kinazunguka kama redio isiyozimwa?

---

Mshauri Nasaha

Huyo anahitaji kukipa kichwa kazi nyepesi isiyo na hisia. Njia mbili.

Moja: chagua neno la kawaida, mfano KIBOKO. Kwa herufi K taja kimoyomoyo vitu vya kuonekana: kisu, kobe, kanga, kinu... kila kimoja kitazame akilini kama sekunde 5 halafu hamia kingine. Vikiisha nenda I, kisha B. Visihusiane, visitengeneze hadithi, na vya kazini au vya madeni viruke. Wengi hawafiki herufi ya tatu.

Mbili: rudia silabi moja, "na... na... na...", kimoyomoyo, bila mpangilio wa mdundo. Sauti ya ndani inayotumika kuwazia ndiyo hiyohiyo unayoishughulisha.

Na kwa wale ambao kadiri wanavyojitahidi ndivyo usingizi unavyokimbia: wageuze. Lala gizani, macho wazi, jiambie "nitakaa macho kidogo tu". Usishike kitu, usiwashe taa. Viktor Frankl, yule daktari wa Vienna, alikuwa akitumia mbinu ya aina hii. Inaondoa mtihani, na usingizi haupendi mtihani.

---

Mtaa wa Eastleigh

Salamu kutoka Nairobi. Mmesahau vinywaji. Kafeini hubaki nusu mwilini baada ya kama saa 5. Ukinywa saa 10 jioni, saa 3 usiku bado nusu iko, saa 8 usiku robo. Kuna jaribio la 2013 ambapo watu walipewa miligramu 400 saa 6 kabla ya kulala na wakapoteza zaidi ya saa moja ya usingizi, ilhali wengi wao hawakuhisi tofauti.

Makadirio: kijiko cha chai cha kahawa ya unga wa papo hapo, miligramu 60 hivi. Kikombe cha chai ya rangi, 40 hadi 50. Soda ya kola ya 300 ml, kama 30. Kopo la 250 ml la kinywaji cha kuongeza nguvu, 80, na siku hizi vijana hunywa chupa ya nusu lita jioni. Robusta ya Bukoba ina kafeini karibu mara mbili ya arabika ya Kilimanjaro au Nyeri, kwa hivyo "kikombe kimoja" si kipimo. Wanaotumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni hukaa nayo karibu mara mbili ya muda huo. Kwa hivyo mwisho uwe saa 6 mchana. Na upunguze kikombe kimoja kila siku 2 au 3. Ukikata ghafla, kichwa kitakugonga na utadhani ni stress.

Miraa sitaizunguka: katinoni iliyo ndani ni kichangamshi, na mtu anayetafuna mpaka saa 4 usiku asilaumu mawazo. Siku inayofuata anashuka moyo, anawaza vibaya zaidi, anarudi kutafuna. (Ndugu wa Tanzania, kwenu hata sheria inaikataza.)

---

Mfamasia Mtaa wa Pili

Na mimi nidake hapo kwa vidonge, maana kaunta inaona mengi.

Piriton ni dawa ya mzio. Usingizi ni madhara yake ya pembeni, na mwili huyazoea ndani ya siku chache, ndiyo maana mtu anaanza na kimoja cha miligramu 4 anaishia vitatu. Nusu yake hukaa mwilini karibu siku nzima, kwa hiyo asubuhi unaamka na ukungu. Wazee huwaletea kuchanganyikiwa na kuziba mkojo.

Diazepam inatuliza kweli, lakini ikitumika kila siku kwa wiki chache tu mwili unaidai. Kosa ninaloomba msilifanye ni kuikata ghafla baada ya kuizoea, kwani inaweza kuleta degedege. Inapunguzwa na daktari, asilimia 5 hadi 10 ya dozi kila wiki 2 hadi 4. Usichanganye na pombe wala dawa kali za maumivu kama tramadol, hapo pumzi inaweza kusimama.

Pombe nayo inakulaza haraka, halafu ikishatumika mwilini, kama katikati ya usiku, inakuamsha na moyo unadunda na jasho.

Kungumanga: chembe kwenye maziwa au uji haina neno. Tatizo ni wale wanaosaga punje nzima kwa kuwa "ni ya asili". Sumu yake imeripotiwa kuanzia takriban gramu 5, na punje moja inaweza kufika hapo: kutapika, moyo kwenda mbio, kuona visivyokuwepo.

---

Bint Unguja

Assalaam aleykum wote. Huo mpango wa kuamka saa ileile kila siku, sie wa sala ya Alfajiri tunao tayari, tatizo ni kurudi kulala baadaye mpaka saa 3. Anayetibu usingizi akishaswali asirudi kitandani wiki hizi. Hesabu yake iwe hivi: adhana ikiwa karibu saa 11, na dirisha ni saa 5 na nusu, basi apande saa 5:30 usiku. Akishaswali afungue mlango, apate mwanga wa nje dakika 20 hadi 30 jua likichomoza. Kwetu jua linachomoza karibu saa ileile mwaka mzima, saa ya mwili haina kisingizio.

Dhikri na dua usiku ni jambo jema, ila nasema kwa upole: mtu asizifanye kwa mkao wa kusubiri usingizi kama malipo. Anasoma, anajipima, "mbona bado silali?" Hapo ibada imegeuka kuwa saa ya ukutani.

Na joto. Mwili lazima ushuke joto kidogo ndiyo ulale. Oga maji vuguvugu saa 1 hadi 2 kabla ya kulala, dakika 10: damu inakuja kwenye ngozi, joto linatoka. Chandarua kinazuia upepo, kwa hiyo feni ielekezwe kitandani ikiwa karibu, siyo kwenye dari la kona nyingine.

---

Mlinzi wa Zamu

Asante dada. Naongezea ya mwili, kwa kuwa king'ora kikishawaka kuongea nacho hakutoshi.

Pumzi: vuta kwa pua kwa hesabu ya 4, toa taratibu kwa hesabu ya 6, dakika 10. Ni kama pumzi 6 kwa dakika. Tumbo ndilo liinuke. Ukipata kizunguzungu, unavuta nyingi mno: punguza kina, siyo kasi.

Misuli (Edmund Jacobson ndiye aliyeanzisha, karne iliyopita): kaza kundi moja sekunde 5 hadi 7, kwa nguvu ya wastani, kisha achia ghafla na usikilize utofauti kwa sekunde 20 hadi 30. Anza na ngumi, mikono, mabega kuelekea masikio, uso, tumbo, mapaja, na miguu ukivuta vidole kuelekea kwako (ukivisukuma chini utapata mkakamao wa misuli). Mzunguko mmoja ni kama dakika 15. Jifunze mchana kwa wiki moja kwanza. Anayejaribu mara ya kwanza saa 8 usiku akiwa na hofu, ataifanya kama mtihani na itashindwa.

---

Saa Tisa Kamili

Mimi swali moja. Mtu analala vizuri saa 4, ila saa 9 usiku macho pyee mpaka alfajiri. Ni hizo hizo?

---

Nesi Kata

Hizo hizo, pamoja na maelezo. Usingizi mzito uko zaidi nusu ya kwanza ya usiku. Kuanzia saa 8 au 9 ni mwepesi, na kila mtu huamka kidogo mwisho wa mizunguko ya takriban dakika 90. Tofauti ni kwamba mwenye wasiwasi anaamka, anatazama simu, anaona "9:07", anapiga hesabu ya saa zilizobaki. Hesabu ndiyo inayomwamsha kabisa. Saa igeuzwe ukutani, simu ilale chumba kingine au juu ya kabati, kengele imewekwa. Pia huyo apande baadaye: akiingia saa 4 na mwili wake unahitaji saa 6, saa 10 ndiyo mwisho wa haki yake.

Lakini kama kuamka alfajiri mno kunaambatana na huzuni ya siku nyingi, kutopenda hata alivyokuwa anavipenda, kupungua uzito, kujiona hana thamani, hiyo yaweza kuwa sonona, na usingizi ni dalili tu. Itibiwe yote. Anayewaza kujidhuru asibaki peke yake usiku huo, apelekwe hospitali leo. Anzieni hospitali za rufaa za mikoa. Muhimbili wana idara ya afya ya akili, Mirembe ipo Dodoma, na kwa Kenya kuna Mathari.

---

Mtaa wa Eastleigh

Na zile saa za mkononi zinazopima usingizi? Watu wanaamka wazima, wanaangalia alama, wanaanza kuugua.

---

Fundi Ratiba

Zivuliwe kipindi chote cha tiba. Zinakisia kwa mwendo wa mkono na mapigo ya moyo, na mtu aliyelala kimya akiwaza zinamhesabu amelala. Daftari linatosha.

---

Pwani Yetu

Ramadhani je? Daku saa 10, tarawehe inakwisha saa 3 na zaidi. Dirisha linawekwaje?

---

Bint Unguja

Usianze kubana ndani ya mwezi. Anza angalau wiki 6 kabla, au baada ya Idi. Aliyekwisha kuanza, ashike kipande kimoja kikuu: saa 4 usiku hadi saa 10, aamke kwa daku, aswali, asirudi kulala kwa muda mrefu. Akizidiwa, qailula (usingizi mfupi wa mchana) ya dakika 20 baada ya Adhuhuri, kengele imewekwa, kabla ya saa 9 alasiri. Kahawa ya baada ya futari aihamishie daku au aiache. Futari nzito ya mikaango akiigawa mara mbili, kiungulia kinapungua.

---

Fundi Ratiba

Sahihi. Na Idi ikipita, arudi kwenye saa yake ya kuamka siku hiyohiyo ya pili ya Idi, asisubiri Jumatatu.